Mvua Isiyofuata Mizani

Kila mwaka, Siku ya Mazingira Duniani inapokaribia mwanzoni mwa Juni, napigiwa simu na watu wanaotaka shairi. Maagizo yao hufanana: beti sita au saba, ziwe na vina na mizani, zihimize upandaji miti, zisizidi dakika tatu. Mara nyingi nakubali. Kupanda miti ni jambo jema, na tarbia iliyopimwa sawasawa humkaa mtoto kichwani hadi uzeeni. Mimi mwenyewe ninazo beti za darasa la nne ambazo hazitanitoka. Lakini nikirudi mezani kwangu, kwenye kazi ambayo sikuagizwa na mtu, shairi la namna hiyo halinitoshi. Mambo yanayoipata mvua yetu, bahari yetu na mashamba yetu hayaingii ndani yake, na yakilazimishwa huingia yakiwa yamepunguzwa makali.

Ninatunga mashairi na ninafundisha fasihi. Kwa miaka mingi sasa kazi yangu kubwa imekuwa kuandika juu ya majira yanavyovurugika, na kazi hiyo imenifikisha mahali pa kuamini kwamba vifaa vinavyoifaa zaidi ni vile vya washairi wa kisasa: wale waliouvunja ubeti huko Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita, na wale waliouvunja kwetu miaka ya 1970. Najua wapo wanaouona ushairi huo kuwa mchezo wa wasomi. Mimi nauona kuwa ndio uliojiandaa, bila kujua, kwa zama hizi.

Nianze na hesabu. Mimi ni mtu wa Pangani, na wazee walionilea walikuwa na mwaka wao. Ulianza Nairuzi, na siku zake zilihesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Miongo 36 na siku 5 za ziada, mwaka umetimia. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipanga safari kwa hesabu hiyohiyo. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15, alizitaja siku za kutweka tanga kwa idadi yake tangu Nairuzi. Makunduchi watu bado hukoga mwaka kila Julai. Kwa mvuvi na mkulima, kuujua mwongo kulikuwa ni kujua la kufanya: huu ni wa kufyeka, huu ni wa kupanda, huu ni wa kukiacha chombo juu kwa sababu kusi imekaza, huu ni wa kungoja mvua za mchoo.

Aliyelelewa na hesabu hiyo hapati taabu na mizani. Tarbia ni mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, kisha mshororo wa nne unarudi mwishoni mwa kila ubeti. Ushairi huu ulikua katika nchi ambayo majira yake yalikuwa yakirudi. Nadhani hapo ndipo ulipo utamu wake: msikilizaji anajua kibwagizo kinakuja, na kweli kinakuja.

Nilipotaka kuandika juu ya masika yaliyokosekana, niliuweka kwanza ubeti huu:

Mbegu zimo kibabani, jembe limeshanolewa,
Nimesafisha bondeni, visiki vimeng'olewa,
Natazama baharini, wingu jeusi lakuwa,
Masika yapo njiani, mwaka haujachelewa.

Hesabu yake imetimia, kwa hiyo unamwambia msikilizaji kwamba kila kitu kiko mahali pake. Mkulima anayesema hivi anauamini mwaka wake. Sasa mweke mkulima huyo kwenye miaka tuliyoiona. Kuanzia mwishoni mwa 2020, maeneo makubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia yalikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Kisha masika ya 2024 yakaja kwa mkupuo: mwishoni mwa Aprili maji yakasomba watu usiku huko Mai Mahiu, na siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikaifikia Mafia, sisi ambao tulizoea kusikia vimbunga vikipita mbali, kule Msumbiji na Madagaska.

Je, haya nayo niyatie katika mizani 16, kibwagizo kikirudi kwa adabu yake? Ningeweza. Wako malenga wangefanya hivyo kwa ustadi mkubwa kuliko wangu. Lakini umbo lenyewe lingekuwa linasema uongo huku maneno yanasema kweli. Basi nikaliacha shairi livunjike palepale mwaka ulipovunjika. Katika ubeti wa pili kibwagizo kinafika na ukwapi peke yake, utao haupo. Ubeti wa tatu na wa nne kila mmoja una mishororo mitatu tu. Mahali pa mshororo wa nne pameachwa wazi. Katika ubeti wa tano kibwagizo kinakuja mara tatu kwa mfuatano, kimoja juu ya kingine, bila mshororo wa shamba kati yao, na shairi linaishia hapo.

Nilipolisoma kwa sauti darasani lilitokea jambo ambalo sikulitegemea. Kwenye zile beti za mishororo mitatu, wanafunzi walikijaza kibwagizo wenyewe. Hawakuambiwa, walilelewa na tarbia na masikio yao yaliona pengo. Ubeti wa tatu walikitamka kwa nguvu, wa nne kwa sauti ya kusitasita. Kilipokuja mara tatu walinyamaza, hakuna aliyeitikia. Tangu siku hiyo huwa nawaambia wanaonijia kwa ajili ya mashairi huru kwamba wajifunze kwanza bahari za mapokeo. Pengo halisikiki kwa mtu ambaye hajui kilichokuwa kikikaa pale.

Kuna kisiwa mbele ya Pangani kinachoitwa Maziwe. Watu wa umri wa mama yangu wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kivuli. Kilifanywa hifadhi mwaka 1975, na sifa yake kubwa ilikuwa kasa waliokuja kutaga. Miaka kumi haikupita miti yote ikawa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kupotea maji yakijaa. Kasa hawakuacha kuja, na mayai yao hulazimika kuchimbuliwa na kupelekwa kufukiwa ufukweni Ushongo, bara, yasije yakazama. Kisiwa hiki hakikumalizwa na sababu moja. Miti ilikatwa, mchanga ukamomonyoka, na bahari nayo inapanda. Sipendi kuitwisha tabianchi mzigo wote, kwa kuwa anayefanya hivyo humsahau aliyeshika shoka.

Mshairi wa pwani akitaka kuomboleza mahali palipopotea, mfano mkubwa alionao ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Nasir, aliyeutazama mji wa Pate uliodidimia na kuionyesha nafsi yake majumba ya matajiri yaliyobaki popo na buibui. Nimeufundisha utenzi huo na kila mara hunitikisa. Lakini angalia kifaa alichokuwa nacho Sayyid Abdalla: alikuwa na kuta. Maombolezo yake yanasimama juu ya magofu. Mimi nikisimama Ushongo maji yamejaa, sina cha kunyooshea kidole. Pana maji tu kama maji mengine. Mtoto niliyemshika mkono hawezi kuona kwamba kuna kitu hakipo.

Msaada niliupata mbali. Mwaka 1897 Mfaransa Stéphane Mallarmé alichapisha shairi la merikebu inayozama, Un coup de dés, ambalo maneno yake yametawanywa ukurasani, mengine makubwa, mengine madogo, na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa nyeupe. Wengi huhesabu kwamba ukurasa wa mashairi ya kisasa ulizaliwa pale. Shairi langu la Maziwe limekaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto kuna kisiwa kizima: mivinje, majiko ya wavuvi, nyayo za kasa, majina ya mafungu ya jirani. Upande wa kulia yamo maneno yaleyale, yakiwa mahali palepale, lakini mengi yametolewa na nafasi zake zimeachwa. Msomaji anapogeuza macho kushoto na kulia anafanya kazi ya maji yenyewe. Nikisoma hadharani, upande wa kulia nausoma kwa muda uleule nilioutumia kushoto, kwa hiyo sehemu kubwa ni kimya. Mara ya kwanza watu hukohoa na kugeukiana. Baadaye hutulia, na ukimya ule huanza kuwa wa kisiwa.

Hapo nafika kwa mshairi T. S. Eliot, ambaye siwezi kumpita haraka. Chuoni tulifundishwa The Waste Land yake kama shairi la Ulaya iliyochoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mafunzo hayo yalikuwa sahihi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeyaona mabwawa yakikauka, nililirudia nikiuliza swali la mkulima: mwaka lilipoandikwa mvua ilikuwaje? Jibu lilinifanya niweke kitabu chini. Eliot, mfanyakazi wa benki ya Lloyds aliyekuwa amezidiwa na uchovu wa akili, alipewa likizo ya ugonjwa akaenda Margate, mji wa pwani ya Kent, Oktoba 1921, na baadaye Lausanne, Uswisi, akiliandika shairi lake. Mwaka ule 1921 Uingereza ilikuwa na ukame mkubwa. Na Margate, mjini hapohapo, ilipimwa mvua ya milimita 236 kwa mwaka mzima, kiwango ambacho mpaka leo ndicho kidogo kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kwa mwaka mmoja nchini humo. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame, hupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mtu aliyeandika shairi mashuhuri kuliko yote ya karne juu ya nchi isiyo na maji, sehemu yake aliiandika akiwa amekaa mahali ambapo kweli hapakuwa na maji.

Hilo halilifanyi kuwa shairi la tabianchi. Ukame mmoja wa Kent haukuwa mabadiliko ya tabianchi, na Eliot alikuwa anatafuta dawa ya roho. Elimu yenyewe ilikuwapo lakini haikuwa imetoka maabara: Svante Arrhenius wa Uswidi alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 ya namna hewa ya ukaa ikiongezeka angani inavyoweza kuipasha dunia joto. Ninachochukua kwa Eliot ni ufundi. Katika sehemu ya mwisho ya shairi kuna watu wanaotembea kwenye mlima wa mawe, kiu imewashika, radi inanguruma na mvua hainyeshi. Mshairi wa kawaida angetuambia kwamba ardhi imepasuka na midomo imekauka. Eliot anaiacha sentensi yenyewe iende kutafuta maji na kurudi bila kitu: maneno machache yanazungukazunguka, vituo vinatoweka, mawe na maji yanabadilishana nafasi hadi akili ya msomaji inaanza kuweweseka. Ukame umeingia ndani ya sarufi. Nilipoliona hilo nilijua nimepata ninachokitafuta, kwa sababu adha kubwa ya mashairi mengi ya mazingira, yangu ya kuagizwa yakiwamo, ni kwamba yanazungumzia joto kwa lugha iliyokaa kivulini.

Jambo la pili ni sauti. Shairi lile halina msemaji mmoja. Kuna wanawake wanaozungumza kwenye baa inayotaka kufungwa, kuna karani wa kupiga chapa, kuna mfalme mvuvi mwenye kidonda, kuna mto Thames wenye mafuta na lami, kuna mto Ganges uliopungua maji. Hakuna hata mmoja anayejua habari yote. Ndivyo yalivyo mambo haya. Mfugaji wa Wajir anakijua kifo cha ngamia wake. Mpiga mbizi wa Mafia ameyaona matumbawe yaliyogeuka meupe mwaka 1998 bahari ilipopata joto. Mpagazi wa Kilimanjaro anaijua theluji inayosogea juu. Asilimia 85 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Kila mmoja ana kipande cha kweli, na mshairi anayejifanya anaona yote kutoka juu anawanyang'anya vipande vyao.

Jambo la tatu ni mkasi. Shairi la Eliot lilipofika kwa rafiki yake Ezra Pound lilikuwa refu zaidi, na Pound alilikata bila huruma. Rasimu zilipochapishwa mwaka 1971 tuliweza kuona kilichoondoka. Sehemu kubwa ilikuwa ni masimulizi marefu, mahali ambapo mshairi alikuwa anamshika msomaji mkono kumwongoza. Yalipoondolewa, mambo yaliyobaki yalisimama jirani na kutazamana.

Kuwaweka watu na mambo jirani bila kiungo ndilo somo lililonisaidia kuandika juu ya mwaka 2019. Wanaokumbuka vuli ile wanakumbuka maji. Oktoba mafuriko yaliua watu na kukata barabara mkoani Tanga. Novemba maporomoko ya ardhi yalifukia vijiji huko Pokot Magharibi. Miezi hiyohiyo, ng'ambo ya bahari hiihii, Australia ilikuwa inaungua. Wataalamu wa hali ya hewa wanaliita jambo hilo Daipoli ya Bahari ya Hindi: maji ya vuguvugu yanajikusanya upande wetu wa magharibi, upande wa Sumatra yanabaki ya baridi, mawingu yanatufuata sisi na wenzetu wananyimwa. Ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi zilizowahi kupimwa, na wanasayansi wanatarajia zenye nguvu kama hizo ziongezeke dunia ikizidi kupata joto. Halafu kuna nzige. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilimwaga mvua kwenye jangwa la Rub' al-Khali, kule Oman na jirani zake, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona. Nzige wakazaliana humo kizazi baada ya kizazi, wakavuka Yemen, wakashuka Pembe ya Afrika, na mwishoni mwa Desemba 2019 walikuwa Kenya.

Msururu huu unaweza kuelezwa kwa "kwa sababu" na "kwa hiyo", na mwalimu wa jiografia anapaswa kuueleza hivyo. Mimi niliuliza: mama wa Korogwe, Tanga, aliyepanda juu ya paa aliuona msururu? Mwanakijiji wa New South Wales aliyekimbilia ufukweni, anga jekundu juu yake, aliwaza habari za Korogwe? Hawakuonana, na kutoonana kwao ni sehemu ya tukio. Katika shairi nililoliita "Pande Mbili" nimewaweka mshororo kwa mshororo, mmoja ana maji magotini, mwingine ana majivu machoni, na katikati anapita nzige mmoja anayetoka mchangani. Hakuna neno linalowaunganisha. Msomaji akifika mwisho analazimika kuuliza ni nini kilichowaweka ukurasa mmoja, na akiuliza hivyo amekwisha kuingia kwenye swali la tabianchi kwa miguu yake mwenyewe. Nimelisoma shule nyingi. Sijaona darasa ambalo halikuuliza.

Wakati mwingine anayenipinga si mwanafunzi. Kuna mzee mmoja malenga, mtu ninayemheshimu na ambaye hunitumia mashairi ya kujibizana mpaka leo, anayeniambia, "Mwanangu, haya yako ni maguni. Ukiondoa kina umeondoa mkono wa kushikia." Anasimama kwenye msimamo wa zamani na wenye nguvu. Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata, ugomvi uliozuka ulidumu miaka na miaka magazetini na vyuoni. Washairi Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara mwaka 1976. Wanamapokeo waliwaita waharibifu, wavivu, watu waliolewa Uzungu. Ugomvi wenyewe sitaurudia hapa. Umeandikwa vya kutosha. Nasema moja tu, kwamba mzee wangu ana haki kuhusu mkono wa kushikia. Shairi linalohusu mambo ya kufa na kupona, likikosa njia ya kukaa kichwani mwa asiyekuwa na kitabu, limempungukia anayelihitaji zaidi. Ndiyo maana nabakiza kibwagizo hata ninapokivunja, na ndiyo maana hakuna shairi langu ninalolichapisha kabla ya kulisoma kwa sauti mbele ya watu.

Lakini Kezilahabi alitupa kitu ambacho mapokeo hayakutupa, na ni kitu kinachohitajika sana leo: ruhusa ya kuileta lugha ya kila siku ndani ya shairi kama ilivyo, bila kuivalisha kanzu. Alikuwa mtoto wa Namagondo, Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Viktoria. Alifariki Januari 2020, na Mei ya mwaka huohuo ziwa lake lilipanda hadi kuvuka kiwango cha 1964, kile kilichotokana na mvua kubwa zilizoanza 1961. Mialo ilizama, nyumba za kando ya maji zikahamwa. Nilipoandika juu ya ziwa hilo, sikutafuta maneno ya Kimvita wala ya kishairi. Nilichukua lugha ya utabiri wa msimu, ile ya "wastani hadi juu ya wastani" ambayo tunaisikia redioni kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, nikaipanga kando ya maneno ya mvuvi wa dagaa anayeeleza mwalo wake ulipokuwa. Lugha ya ofisi na lugha ya mwaloni zilipokaa pamoja, kila moja ilionyesha ambacho nyingine haiwezi kusema. Utabiri unajua namba, haujui mlango wa nani umefunguka majini. Mvuvi anaujua mlango. Mtindo wa zamani ungenitaka nichague lugha moja na kuisanifu. Kithaka wa Mberia wa Kenya naye amenifundisha kwamba hata sura ya neno, lililokatwa na kumwagwa ukurasani, inaweza kubeba maana, na ngazi za maji yanayopanda kwenye shairi hilo nimezijenga nikimkumbuka yeye.

Kazi iliyoko mezani sasa ni ya mwani. Kilimo hicho kilianza kwa biashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na pwani ya mashariki ya Unguja kiliwapa wanawake fedha zao wenyewe mkononi, jambo ambalo halikuwa dogo. Aina mbili zililetwa: kotoni, yenye bei nzuri, na spinosamu, yenye bei ya chini. Kotoni haivumilii maji ya moto. Bahari ya kina kifupi ilipoanza kupata joto, ikaanza kuparara, kugeuka nyeupe na kukatika kwenye kamba, na sehemu nyingi wakulima wamebaki na spinosamu. Anayelima mwani hahitaji kuelezwa joto la bahari. Amesimama ndani yake hadi kiunoni kila bamvua.

Nilipeleka rasimu kijijini nikiwa na wasiwasi wa mzee malenga masikioni mwangu. Wanawake hawa wana utenzi wao na wana ngoma zao. Watanisikiliza mimi na mishororo yangu isiyo na kina? Nilisoma chini ya mkungu, maji yakiwa yamejaa na kazi imesimama. Shairi lina sauti nne zinazokatizana: mkulima, bintiye aliyekwenda mjini, mwani wenyewe, na kipimajoto cha watafiti kinachotaja nyuzi tu. Nilipomaliza hakuna aliyeuliza habari ya vina. Bi mkubwa aliyekuwa anasokota kamba alisema, "Mwalimu, mbona mnunuzi humo hayumo?" Mwingine akadakia kwamba nimeeleza joto vizuri, lakini joto lilikuja na bei ikaja, na vyote viwili viliwashika siku moja. Wakabishana kwa muda mrefu juu ya bei za zamani na za sasa, juu ya mizani ya mnunuzi, juu ya wanaohamishia mashamba kwenye maji ya kina kirefu ambako kuna ubaridi lakini wengi wao hawajui kuogelea. Nilikuwa naandika kwa kasi nisikose neno.

Ule ulikuwa uhakiki bora kuliko wowote nilioupata chuoni. Shairi lenye sauti moja lingepokewa kwa makofi au kwa kimya; hili lilikuwa na viti vitupu, na watu walikuja kukaa. Binti mmoja alichukua sehemu ya mkulima akaitia mahadhi papo hapo, akaongeza kiitikio chake chenye kina, wenzake wakaitikia. Sehemu yake nimeiacha hivyohivyo katika rasimu mpya, na vina vyake, katikati ya mishororo yangu iliyovunjika. Mzee malenga nilipompigia simu kumsomea, alitaka sehemu ile irudiwe mara mbili, na juu ya zilizobaki akasema bado ni maguni.

Sauti ya mnunuzi haijakaa sawa. Nimeiandika kama risiti, safu za kilo na shilingi, na bado inasikika kama ya mtu mbaya wa kwenye mchezo wa shule, wakati wenyewe waliniambia naye ananunua kwa bei anayoletewa kutoka nje. Kwa hiyo shairi linahitaji sauti ya sita, ya huko mwani unakokwenda kuwa kitu cha kugandishia dawa ya meno na aiskrimu. Nimeanza kukusanya maneno yaliyoandikwa nyuma ya pakiti. Bamvua lijalo nitarudi kijijini na rasimu hiyo, na Bi mkubwa amekwisha kuniambia nije mapema, kabla maji hayajatoka, kwa kuwa yakitoka hakuna atakayebaki kunisikiliza.